Tulianza kuimba nyumbani, wiki ya pili tukaacha

Ndugu washauri,

Bwana Yesu asifiwe. Tunaishi Uyole, Mbeya, nyumba ya kupanga, ukuta mmoja na jirani. Tuko sita. Baba watoto anaimba besi kwenye kwaya ya usharika wetu wa KKKT, yaani Walutheri. Watoto ni watatu: wa kiume miaka 14, wa kike 11, na mziwanda wa kiume miaka 7. Mama mkwe wangu, mtu wa Tukuyu na Mmoravian tangu utoto wake, amehamia kwetu.

Mwezi wa sita tuliamua kila jioni baada ya chakula tuimbe nyimbo za kitabuni kabla ya sala. Mimi ndiye niliyelitaka jambo hili. Nyimbo za kwenye simu watoto wangu wanazijua neno kwa neno, lakini kanisani ukitajwa wimbo wa kitabu wanatazama dari. Niliona tukiendelea hivi, siku sisi tukiondoka hakuna atakayezibeba.

Wiki ya kwanza ilikwenda, ya pili ikavunjika. Baba akianzisha, wimbo uko chini mno, watoto wananguruma. Nikianzisha mimi, mwanzo ni mzuri, ila kiitikio kikifika kinapaa, binti anapiga kelele na mdogo ananyamaza. Huyo mdogo mwenyewe anaimba kama anayesoma, noti moja mwanzo hadi mwisho, wenzake wanamcheka. Mkubwa sauti imeanza kukwaruza, sasa hafungui kinywa kabisa. Baba anasimamisha wimbo kila mstari ili arekebishe, kama yuko mazoezini. Bibi tuni anazijua kuliko sisi sote, lakini maneno yake ni ya Kinyakyusa, na kuna mahali sisi tunapanda yeye anashuka, watoto wanababaika. Kitabu tunacho kimoja. Tulijaribu kuweka spika tuimbe pamoja na kwaya iliyorekodiwa, ikawa kwaya inaimba, sisi tunasikiliza. Binti naye kila tukikaa analalamika kichwa na usingizi, na sioni kisingizio chake, maana kwa baridi hii tunafunga mlango na dirisha na jiko la mkaa liko katikati. Jirani ni Mwislamu, mtu mwema, hajasema neno, lakini naona aibu.

Je, niwalazimishe? Au niache, kila mtu akamwimbie Mungu kanisani?

Mama wa Watatu, Uyole

*

Mama wa Watatu, Amina.

Tuanze na jiko, kwa sababu hilo haliwezi kungoja zamu yake. Litoeni nje leo. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huingia kwenye damu na kukalia nafasi ya oksijeni. Mkaa uliokwisha kushika, mwekundu, usio na moshi, ndio unaodanganya watu zaidi, kwa sababu wanadhani moshi ukiisha hatari nayo imeisha. Na anayeimba huvuta hewa nyingi kuliko aliyekaa kimya. Kichwa na usingizi wa binti yako tusiviite uvivu. Jiko likae uani, ninyi vaeni masweta, jifunikeni blanketi miguuni, na dirisha liache upenyo. Siku yoyote mtu akishikwa na kizunguzungu, kichefuchefu au kichwa karibu na jiko, mtoeni kwenye hewa safi na mpelekeni kituo cha afya usiku huohuo.

Baada ya hapo, swali lako. Usiwalazimishe, na usiache. Katika barua yako yote hatukuona mtoto aliyekataa kumwimbia Mungu. Tumeona nyimbo zilizoanzishwa mahali pasipowafaa, zikafundishwa kama mazoezi ya kwaya, saa ambayo matumbo yameshiba ugali. Hayo yote yanarekebishika, na kubwa kuliko yote ni pale wimbo unapoanzia.

Mumeo akianzisha, anaanzia pale sauti yake ya besi inapopumzika. Mtoto akiufuata wimbo huo oktava moja juu, yaani noti zilezile ila hatua nane juu, bado anajikuta kwenye noti za chini kabisa alizo nazo, ndiyo maana ananguruma. Wewe unakosea upande wa pili: unachagua mahali pazuri pa mstari wa kwanza, na mstari wa kwanza mara nyingi ndio ulio chini. Wimbo unapanda baadaye, kwa kawaida kwenye mstari wa tatu au mwanzo wa kiitikio, na hapo ndipo binti anapopiga kelele.

Watoto wa umri wa wanao wawili wadogo huimba kwa raha kati ya D iliyo juu kidogo ya C ya katikati ya kinanda na D inayofuata juu yake. Kama hamna kinanda, pakueni programu ya piano ya bure kwenye simu. Tafuteni C ya katikati. Kitufe cheupe kinachofuata mkono wa kulia ni D. Hesabuni vitufe vyeupe vinane, D hiyo ikiwa ya kwanza, mtafika D ya juu. Hicho ndicho kiwanja cha watoto. Mwanamume akiimba wimbo uleule atajishukia oktava moja bila kufikiri, na kiwanja hicho kitamfaa naye.

Mumeo anaimba kwaya, hesabu hii ya do re mi haitamsumbua. Kama tuni inatembea kati ya do na do ya juu, wekeni do kwenye D. Kama inashuka hadi so ya chini na kupanda hadi so ya juu, wekeni do kwenye G. Nyimbo nyingi za kitabuni zinaangukia katika mojawapo ya hayo mawili au karibu nayo. Sauti ya mwanamke mzee hushuka, kwa hiyo Bibi akiona D ya juu inamchosha, shusheni hadi C kwa wimbo wa aina ya kwanza na F kwa wa aina ya pili. Msishuke zaidi ya hapo, mtawarudisha watoto kwenye kunguruma. Wimbo unaozidi nafasi hiyo, unaotaka noti kumi au kumi na moja, uacheni kwa kwaya. Hauna kosa, ila si wa sebuleni. (Wasomaji wetu Waislamu wanaoimba kaswida na watoto wao wanaweza kutumia kiwanja hichohicho cha D hadi D. Koo la mtoto ni lilelile.)

Siku simu haina chaji, kuna njia nyingine. Kabla ya kuanzisha, imba moyoni hadi ufike mahali pa juu kabisa pa wimbo, pavumishe kwa mdomo uliofumba, mtoto wa miaka saba aige. Akiifikia bila kuinua kidevu na bila mishipa ya shingo kusimama, mahali ni pazuri. Teremka sasa hadi noti ya kwanza, uwape, muanze. Ni sekunde kumi tu, na zinaokoa jioni nzima.

Mtaona pia kwamba wimbo ukifika ubeti wa nne umeshuka kidogo kutoka pale mlipoanzia. Watu wanaoimba bila ala hushuka, hasa wakichoka, wakikaa wamejikunja kwenye kochi, au wimbo ukivutwa polepole mno. Mkae kwenye kigoda au ukingoni mwa kiti, mgongo wima, na mwendo uwe wa mtu anayetembea, usiwe wa msafara wa mazishi. Wimbo ukishuka msiusimamishe. Wimbo unaofuata utaanza mahali pake.

Hapo tunafika kwa mumeo, na tunamwomba asome mwenyewe aya hii. Baba, kazi unayoifanya kwaya ni njema, lakini mazoezi na ibada ya nyumbani ni vitu viwili. Mazoezini wimbo unasimamishwa ili ujengwe. Nyumbani wimbo ndiyo sala yenyewe, na sala haikatizwi katikati ya sentensi. Mstari ukikosewa, uache upite. Kesho yake, kabla ya kuanza, imba mstari huo mmoja kwa usahihi mara mbili, wenzako waitikie mara mbili, kisha mwende. Jioni moja, sahihisho moja. Ukizidisha, kila mtu anaanza kuimba huku anakutazama usoni, na mtoto anayesikiliza makosa yake huacha kuvuta pumzi kamili, halafu sauti inazidi kuharibika, halafu unarekebisha tena.

Kitabu kimoja kinatosha, na tungependa kitumike kidogo kuliko mnavyokitumia sasa. Nyimbo za nyumbani ziwe za kichwani. Watu sita wakigombea kitabu kimoja chini ya taa, shingo zinapinda, kidevu kinabana koo, na macho yanafukuza maneno badala ya masikio kufuata tuni. Kitabu cha kwanza cha nyimbo cha Walutheri, kilichochapwa Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1524, kilikuwa na nyimbo nane tu, kwa hiyo msione aibu kuanza na mbili. Upande wa Bibi, Wamoravian wa Herrnhut, hukohuko Ujerumani, katika karne ya 18 walikuwa na ibada nzima ya kuimba: kiongozi alianzisha ubeti wa wimbo huu, akaunganisha na ubeti wa wimbo mwingine, na watu wakadakia bila kushika kitabu. Waliweza kwa sababu walizibeba kichwani.

Basi chagueni nyimbo mbili kwa mwezi: mmoja ambao watoto tayari wanaujua nusu, na mmoja mpya. Wimbo wa beti nne unakwenda ubeti mmoja kwa wiki. Siku ya kwanza msiimbe kabla ya kuusoma ubeti kwa sauti, polepole, kama mnavyosimuliana. Hili watu wengi huliruka, na ndipo watoto wanapopotelea. Nyimbo nyingi za kitabuni zilitafsiriwa kutoka Kijerumani na Kiingereza, tuni zikabaki zilezile. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: upendo hukazwa kwenye “pe”, mwokozi kwenye “ko”. Tuni inaweza kuangusha pigo zito kwenye “u” ya upendo au “mwo” ya mwokozi, na mtoto anayesikia wimbo tu anashika sauti zisizofanana na neno lolote alijualo. Akilisoma kwanza, analitambua hata likikazwa vibaya.

Kuna pia Kiswahili cha zamani kilichotumika kubana mizani. Mtoto wa darasa la kwanza akikutana na “u mwema” anasoma herufi u, hajui kwamba maana yake ni wewe ni mwema. “Yu hai” ni yeye ni hai. “Twaja” ni tunakuja. “Nalipotea” ni nilipotea. Elezeni neno moja au mawili kwa jioni, kwa sentensi moja, muendelee. Msifanye darasa.

Baada ya kusoma, fundisheni kwa mdomo: mmoja anaimba mstari, wote wanaurudia, mstari wa pili vilevile, kisha mistari miwili pamoja. Usiwaimbie ubeti mzima ukatarajia wauitikie. Mistari miwili ndiyo mtoto wa miaka saba anaweza kuishika kwa mara moja, na akiishika leo, keshokutwa bado anayo.

Bibi sasa. Wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891, maana yake maneno anayoyaimba yamepita vinywa vya vizazi kadhaa kabla ya kufika sebuleni kwenu. Msimwombe ayabadilishe, na msifikiri anakosea pale anaposhuka nanyi mnapopanda. Tuni moja ikikaa miaka mingi katika makanisa mawili, kila upande huikunja kwa namna yake. Kwenye wimbo ambao mikunjo inatofautiana, amueni kwamba nyumbani kwenu mnafuata ya Bibi. Watoto wakienda kanisani watajirekebisha wenyewe kwa kusikia umati.

Maneno yapangeni hivi: beti za Kiswahili wote, ubeti mmoja aimbe Bibi peke yake kwa Kinyakyusa huku ninyi mkivumisha tuni midomo imefumba, kiitikio wote kwa Kiswahili. Baada ya wiki mbili za kuvumisha chini yake, watoto watakuwa wameanza kudaka maneno. Yeye akisema Kyala na wao wakisema Mungu, ni silabi mbili kwa mbili, hakuna anayemkanyaga mwenzake. Binti wa miaka 11 mpeni daftari kubwa la mistari: Jumamosi mchana Bibi asome wimbo mmoja taratibu, yeye aandike, kisha amsomee Bibi asahihishe. Amrekodi pia kwa simu, kwanza akisema maneno bila kuimba, halafu akiimba. Akiimba tu, mtu asiyejua lugha vizuri hawezi baadaye kutenganisha neno na neno. Kurasa za daftari hilo ziandikwe namba, na juu ya kila wimbo jina la mahali Bibi alipojifunza. Uliandika kwamba unaogopa hakuna atakayezibeba. Fanyeni hili kabla ya mengine yote yaliyobaki katika majibu yetu.

Kijana wa miaka 14 hajagoma. Sauti ya mvulana inapovunjika, mara nyingi kati ya miaka 12 na 15, hushuka karibu oktava nzima, na katikati ya safari hiyo anabaki na noti chache, pengine tano au sita, zilizo chini kidogo ya C ya katikati. Tazama sasa tatizo lake kwa wimbo mliouweka D: huko juu na mdogo wake hawezi tena, na huko chini na baba yake bado hajafika. Kila anakojaribu sauti inakwaruza mbele ya dada yake. Angefanya nini zaidi ya kunyamaza?

Mpeni noti moja. Kwenye wimbo wa G ashike do ya chini, kwenye wimbo wa D ashike so ya chini. Zote mbili ziko chini kidogo tu ya C ya katikati, ndani ya zile noti alizo nazo. Aivumishe “mmm” kwenye kiitikio chote, kama mlio wa chini wa ala. Panapogongana na tuni atasikia mwenyewe, anyamaze kidogo, arudi. Hakuna atakayemsikia akikosea, na wimbo mzima utanenepa. Asiambiwe apandishe sauti, asiambiwe akohoe atoe kilichokwama, na neno la kumcheka lisisikike ndani ya nyumba hiyo. Kayamba pia anaweza kupewa, kwa ndani apige polepole na kwenye kiitikio tu. Chumba kidogo kinajaa haraka, na kayamba ikizidi watu huanza kupiga kelele ili wasikike.

Mdogo anayeimba noti moja ni wa kawaida kabisa. Watoto wengi wa umri wake bado hawajagundua kwamba sauti ya kusema na sauti ya kuimba ni mbili. Kosa la watu wazima ni kumwambia “panda!” wakati hajui kupanda ni kufanya nini. Mchana mkiwa peke yenu, mwige king'ora pamoja naye, “uuuu” kutoka chini hadi juu na kurudi, mkono ukipanda na kushuka na sauti. Kisha mwambie ashike noti yoyote anayoitaka, na wewe ndiye umfuate hadi sauti zenu ziwe moja. Apasikie mahali hapo pa kufanana. Halafu sogeeni pamoja noti moja juu, mrudi. Dakika mbili kwa siku, kwa wiki kadhaa. Wakati wa kuimba akae kati yako na Bibi, sikio lake likiwa karibu na sauti ya kike, kwa sababu noti ya baba yake iko oktava moja chini na mtoto wa hivyo huitafuta hukohuko asiipate.

Spika izimwe. Kwaya iliyorekodiwa iko kwenye kii (kimo cha sauti) ya soprano wazima, ina mwendo wake usiomngoja mtoto, na ina magita na kinanda vinavyofunika sauti zenu wenyewe. Mtu asiyejisikia hajirekebishi. Rekodi itumieni kujifunza tuni msiyoijua: isikilizeni mara mbili, zimeni, imbeni. Hatusemi watoto waache kusikiliza nyimbo za simu. Pambio wanazozipenda ziingizeni ndani ya ibada yenu, ila ziimbeni kwa midomo yenu.

Wakati. Baada ya ugali tumbo linasukuma juu, pumzi haishuki, na watoto wamekwisha kusinzia. Imbeni kabla ya kula, maharage yakiwa yanamalizikia jikoni. Siku nne kwa wiki, dakika kumi na mbili: wimbo unaojulikana dakika tatu, wimbo mpya tano, fungu la Biblia na sala dakika mbili, wimbo unaojulikana tena mbili, basi. Mkifika dakika ya kumi na mbili acheni hata kama mnafurahi, hasa kama mnafurahi. Siku ambayo jumuiya imekuja kwenu au mtu anaumwa, irukeni bila kuilipia kesho yake.

Jirani mwendee mchana, mkono mtupu au na mahindi ya kuchoma, umwambie mnaimba dakika chache jioni nne kwa wiki na ungependa kujua saa isiyomsumbua. Muulize Magharibi na Isha, halafu mkae katikati ya hizo mbili. Msipange saa moja mkadhani mmemaliza, maana hapa Mbeya jua la Februari huzama nusu saa au zaidi baadaye kuliko la Juni, na swala huhama nalo. Imbeni upande wa chumba ulio mbali na ukuta wenu wa pamoja. Sauti za watu sita bila spika hazitamkera mtu aliyeambiwa mapema; kinachokera ni kushtukizwa, na besi ya spika inayotembea ndani ya tofali.

Mumeo atauliza lini mtaimba sauti nne. Si sasa. Miezi mitatu ya kwanza wote tuni, sauti moja, mpaka mdogo aweze kuishika hata mkiwa mnaimba kitu kingine kando yake. Mkianza mwezi huu wa saba mtafika Oktoba, na mwanzo wa Novemba ni wakati mwafaka wa kuchagua wimbo mmoja wa Krismasi na kuuongezea sauti wakati wa Majilio. Anzeni na kiitikio peke yake. Ya kwanza kuongezwa iwe besi, kwa sababu iko mbali na tuni na haiwavuti watoto. Kwenye viitikio vingi inazunguka do, fa na so, baba ataitoa kwa jioni moja. Alto, sauti ya chini ya wanawake, iongezwe mwisho, uibebe wewe, na ukae upande wa pili wa chumba, mbali na mdogo, kwani alto iko jirani mno na tuni na ndiyo inayomtoa mtoto kwenye mstari wake. Siku hiyo Bibi na binti wakae kulia na kushoto kwa mdogo. Kijana mkubwa ahamie ubavuni mwa baba yake: ile do aliyoishika tangu Julai ndiyo noti yake ya kwanza ya besi, na kufikia Desemba huenda fa na so za chini zimekwisha kumshukia.